Inda ya Mji: Habari za Uwanja wa Gillespie Park

Mwaka 1957 mji wa Greensboro, katika jimbo la North Carolina kusini mwa Marekani, ulifunga uwanja wake wa gofu ulioitwa Gillespie Park. Siku ulipofungwa uwanja huo ulikuwa na mashimo 18. Ulipofunguliwa tena, Desemba 1962, ulikuwa na mashimo 9. Katika kurasa hizi nataka kuuliza mashimo yale tisa yalitolewa kafara kwa ajili ya nini, na kama yawezekana watu wakatendewa haki kwa kunyang'anywa wote kitu ambacho baadhi yao walikataa kushirikiana na wenzao.

Najua kwamba swali laonekana dogo. Gofu ni mchezo, na kwa wengi wetu ni mchezo wa kutazamwa kwa mbali, kutoka upande huu wa ua, tukistaajabia watu wazima wanaotembea maili kadhaa kuufuata mpira usiofikia ukubwa wa yai la kuku. Lakini tabia ya mji, kama tabia ya mtu, mara nyingi hudhihirika katika vitu ambavyo si vya lazima. Katika chakula na maji mtu husukumwa na haja. Katika mchezo husukumwa na hiari yake, na hiari ni shahidi mzuri wa moyo.

Kwanza hapana budi tuujue uwanja wenyewe. Uwanja wa kandanda una kipimo chake, na aliyeuona mmoja amekaribia kuiona yote. Uwanja wa gofu sivyo. Hapa shimo si tundu peke yake, ingawa tundu lipo, lenye upana wa milimita 108. Shimo ni safari nzima: mahali pa kuanzia, kisha njia ndefu ya majani yaliyofyekwa, yenye miti huku na mitego ya mchanga kule, na mwisho kitanda cha majani laini yaliyokatwa karibu na ardhi, ndani yake tundu na bendera. Mchezaji akisha kuutia mpira tunduni huanza safari nyingine. Hesabu ya 18 yatokana na desturi ya St Andrews, Uskoti, ambako mwaka 1764 mashimo 22 yalipunguzwa yakawa 18, na baadaye ulimwengu ukafuata. Gillespie Park ulichorwa na Perry Maxwell, mkazi wa Oklahoma aliyekuwa mtu wa benki kabla ya kuwa mchoraji wa viwanja, ukafunguliwa mwaka 1941. Maxwell huyu ndiye aliyechora Southern Hills katika mji wa Tulsa, na sifa yake kubwa ni vile vitanda vya majani: hakuvifanya bapa, alivipa mawimbi, hata mpira uliosukumwa sawasawa huweza kupinda ukenda kando. Kwa mji wa wastani kupata uwanja wa umma uliotoka katika mkono kama ule lilikuwa jambo la bahati.

Liko jambo moja katika mpango wa viwanja hivi ambalo lafaa kukumbukwa katika yote yatakayofuata. Gofu ni mchezo wa nafasi. Hamna kugusana, kukabana wala kunyang'anyana mpira. Kila mtu ana mpira wake na hesabu yake, na kundi moja likiwa katika shimo la tatu kundi jingine liko katika la saba, kati yao miti na vilima. Basi ikiwa alikuwako mtu aliyeogopa kukaribiana na mtu wa rangi nyingine, uwanja wa gofu ndio mahali ambapo hofu yake ilikuwa na sababu chache kuliko karibu mahali pengine pote mjini. Tena ukaribu wenyewe haukuwa jambo geni. Katika viwanja vya kusini mwa Marekani zama zile wachukuzi wa mifuko ya fimbo walikuwa aghalabu watu weusi, nao walitembea bega kwa bega na wachezaji weupe tangu shimo la kwanza hata la mwisho, wakiwapa fimbo mkononi na shauri sikioni. Mtu mweusi aliruhusiwa kuyakanyaga majani yale. Asichoruhusiwa ni kuyakanyaga akiwa na fimbo yake mwenyewe. Na kile kijiti cha mbao ambacho mchezaji huchomeka ardhini ili aweke mpira juu yake, mmoja wa wabunifu wake, aliyepata hati ya serikali mwaka 1899, alikuwa George Franklin Grant wa Boston, mtu mweusi, daktari wa meno. Nalitaja hili kwa njia ya kupita tu, na kwa sababu daktari mwingine wa meno yuaja katika habari hii.

Uwanja wa Gillespie Park ulikuwa mali ya nani? Ulijengwa kwa fedha za mji pamoja na fedha za serikali ya taifa zilizopitia WPA, idara iliyoundwa mwaka 1935 ili kuwapatia kazi watu waliokosa kazi katika miaka ya dhiki. Sehemu ya ardhi ilikuwa ya mji, sehemu ya halmashauri ya shule. Mkazi mweusi wa Greensboro aliyelipa kodi alikuwa ameununua uwanja ule sawa na jirani yake mweupe. Walakini alichopewa kutumia ni uwanja mwingine, Nocho Park, wenye mashimo 9, karibu na mahali pa kusafishia maji machafu ya mji. Mwaka 1949 mji uliukodisha Gillespie Park kwa chama, na chama kikatangaza kwamba wachezao ni wanachama na wageni wao tu. Kwa hila hii mji ulitaka kuwa mwenye mali pale penye heshima, na kuwa mgeni pale penye lawama. Kama mtu mweusi alikataliwa mlangoni, aliyemkataa si mji, ni chama.

Novemba 7, 1955, Mahakama ya Juu ya Marekani ilitoa amri katika shauri la Holmes na mji wa Atlanta, ikawa haijuzu tena kwa mji kuwatenga watu kwa rangi katika viwanja vyake vya gofu. Mwezi mmoja kamili baadaye, Desemba 7, watu sita weusi wa Greensboro walikwenda Gillespie Park, wakiongozwa na George Simkins, daktari wa meno. Waliomba kucheza wakakataliwa. Kila mmoja akaweka senti 75 juu ya meza, ambayo ndiyo ada ya siku ile, wakatoka wakaenda kuanza shimo la kwanza. Msimamizi aliwafuata uwanjani akawafukuza kwa maneno makali. Hawakutoka mara moja, waliendelea kucheza. Usiku ule walikamatwa kwa kosa la kuingia mahali pa mtu bila idhini.

Senti 75 zile zanifikirisha. Kama wangalitaka kuuvunja utaratibu wangaliingia bila kulipa. Kulipa kulikuwa ni kusema: utaratibu wenu tunaukubali wote, isipokuwa sehemu moja ambayo si utaratibu. Mwizi halipi, na mwombaji halipi. Hulipa mtu anayejua kuwa anastahili kupata. Kwa kuiweka fedha mezani walimwachia msimamizi kazi ya kueleza, na maelezo aliyokuwa nayo yalikuwa moja tu, nalo hakuweza kulisema mbele ya sheria.

Mambo yaliyofuata mahakamani ni ya ajabu, nami nitayapitia upesi. Katika mahakama za jimbo watu wale walionekana kuwa wahalifu: mwanzo walitozwa faini, na kesi ilipozidi kwenda juu wakahukumiwa kifungo. Hukumu hiyo ikatanguliwa mwaka 1957 na Mahakama Kuu ya Jimbo kwa dosari ya hati ya mashtaka iliyolikosea jina la mwenye uwanja, wakashtakiwa upya, wakaonekana na hatia tena. Wakati huohuo katika mahakama ya shirikisho Jaji Johnson Hayes aliamua kinyume. Alisikia ushahidi kwamba weupe waliruhusiwa kucheza kwa kulipa ada tu, bila kuulizwa uanachama, na Machi 1957 akaukataza mji kuwatenga watu weusi, uwe umekodisha au haukukodisha. Mahakama ya rufani ikamwunga mkono mwaka uleule. Ikawa mji mmoja una watu sita ambao kwa sheria moja ni wenye haki waliodhulumiwa, na kwa sheria nyingine ni wafungwa wanaongoja kufungwa, kwa tendo lile lile na siku ile ile. Shauri lilipofika Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1960, likiitwa Wolfe na North Carolina, watu wale walishindwa kwa kura 5 dhidi ya 4, kwa kuwa matokeo ya kesi ya Jaji Hayes hayakuwamo ipasavyo katika karatasi za rufani zilizopelekwa mahakama ya jimbo. Jaji Mkuu Earl Warren alipinga, pamoja na majaji watatu, mmoja wao Hugo Black. Msomaji alishike jina la Black, maana tutakutana naye tena. Mwisho Gavana Luther Hodges aliwapunguzia adhabu, na gerezani hawakwenda.

Lakini uwanja ulikuwa umekwisha fungwa. Majuma mawili hivi kabla ya amri ya Jaji Hayes kuanza kutumika, nyumba ya wachezaji iliungua moto, na mji ukaufunga uwanja wote. Lugha yetu ina neno gofu la kale, lenye maana ya jengo lililobomoka likabaki kuta. Sidhani kama yuko mtu wa Greensboro aliyejua kwamba kwa Kiswahili waliupata uwanja wa gofu ukawa gofu.

Hapa ndipo lizaliwapo swali la maadili, nami nataka kulipa nguvu zake zote kabla ya kulijibu. Mtetezi wa mji aweza kusema hivi. Hakuna mtu mwenye haki ya kuzaliwa nayo ya kucheza gofu. Mji haulazimiki kuwa na uwanja wa gofu, kama usivyolazimika kuwa na tamthilia au mnara wa saa. Jaji alisema: ukiwafungulia baadhi, wafungulie wote. Mji ukajibu: basi hatumfungulii mtu. Weupe hawachezi, weusi hawachezi. Dhuluma iko wapi? Usawa ulioombwa si huu umepatikana?

Hoja hii si ya kubeza. Mwaka 1971 ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani kwa habari ya mji mwingine, Jackson wa Mississippi, uliokuwa umeyafunga mabwawa yake manne ya kuogelea na kulirudisha la tano kwa waliolikodisha, baada ya kuambiwa kwamba utengano ni haramu. Shauri hilo ni Palmer na Thompson. Mahakama ilisema, kwa kura 5 dhidi ya 4, kwamba mji haukuvunja katiba: umewafungia wote sawasawa. Na aliyeiandika hukumu hiyo ni Hugo Black, yule yule aliyesimama upande wa wachezaji wa Greensboro miaka 11 nyuma. Alieleza kwamba hakuna sheria iliyolazimisha mji kuwa na mabwawa, na kwamba ni vigumu kwa mahakama kuijua nia ya baraza la watu wengi; tena sheria ikifutwa kwa ubaya wa nia waliokuwa nayo walioitunga, wataitunga tena kesho wakitaja nia nzuri. Jaji Byron White alipinga, akaona kwamba kufunga kule kulikuwa tangazo rasmi la mji kwamba watu weusi hawafai kuchanganyika na weupe.

Mimi nasimama na White, lakini siwezi kumcheka Black. Hakimu huliona lango. Moyo wa aliyelifunga haoni. Hata hivyo yasiyowezekana kuhukumiwa mahakamani si lazima yawe hayawezi kujulikana. Sheria ina sababu zake za kutopekua nia. Sisi tusio mahakimu hatuna sababu hizo, na katika maisha yetu ya kila siku twapima nia kutwa kucha bila taabu kubwa. Jirani akiufunga mlango wake saa nne ya usiku, amelala. Akiufunga mara anaponiona nakuja, ameninena. Mlango ni ule ule na komeo ni lile lile, wala hakuna mtoto asiyejua tofauti.

Kwa bahati Kiswahili kina maneno ya kutusaidia, na nafikiri twapaswa kuyatumia kwa uangalifu zaidi kuliko tunavyofanya. Mchoyo ni mtu aliye na kitu na hataki kukitoa: hula peke yake, lakini hula. Hasidi ni mtu anayechukizwa na kitu cha mwenzake, naye hutamani kimtoke hata kama yeye hatakipata. Yuko wa tatu, mwenye inda. Huyu yuko tayari kupoteza kitu chake mwenyewe ili tu mwenzake asikipate pamoja naye. Tendo lake tunaliita kukomoa. Mchoyo aweza kueleweka, kwa sababu anatafuta faida. Hasidi aweza kuhurumiwa, kwa sababu anaumia. Mwenye inda ni mgumu kueleza, maana hasara yake ndiyo bei anayoilipa kwa hiari, na akilipa zaidi huridhika zaidi. Kabla ya 1957 mji wa Greensboro ulikuwa mchoyo: ulikula mashimo 18, ukawapa wengine 9 kando ya maji machafu. Mwaka 1957 uliacha uchoyo ukaingia inda. Na haikuwa Greensboro peke yake. Mji wa Montgomery, Alabama, ulifunga bustani zake zote za umma Januari 1, 1959, zikabaki zimefungwa mpaka 1965. Katika Greensboro kwenyewe bwawa la kuogelea la weupe, Lindley Park, liliuzwa, na mahakama zikakubali.

Mwanafalsafa wa Uingereza Derek Parfit, katika mhadhara wa mwaka 1991, aliwauliza wapendao usawa swali la kuwasumbua. Kama baadhi ya watu ni vipofu na wengine wanaona, na wote wakafanywa vipofu, usawa umepatikana. Je, kuna wema wowote uliopatikana? Hoja hii yatumiwa dhidi ya usawa, kuonyesha kwamba usawa peke yake si kitu. Nakubali kwamba yaonyesha hivyo. Lakini kuitumia kwa habari ya Gillespie Park ni kuwafanyia wakubwa wa mji ukarimu wasioustahili, kwa sababu hata usawa wa vipofu haukuwako. Mwenye mali katika Greensboro alikuwa na vilabu vya faragha. Sedgefield, uwanja uliochorwa na Donald Ross, ulikuwa jirani, na wanachama wake waliendelea kucheza miaka yote mitano kana kwamba hakuna kilichotokea. Mwaka 1961, Gillespie Park ukiwa ungali umefungwa, mashindano makubwa ya Greensboro yalichezwa pale Sedgefield, na Charlie Sifford, mchezaji mweusi aliyezaliwa Charlotte katika jimbo lile lile, alicheza humo, akavumilia vitisho na matusi, akatokea wa nne. Mwezi wa Novemba mwaka huohuo chama cha wachezaji wa kulipwa kilifuta katika kanuni zake kifungu cha kuwakubali weupe peke yao.

Nani basi aliyepoteza uwanja? Mtu mweusi alipoteza tumaini la kuupata. Lakini aliyepoteza kitu alichokuwa nacho mkononi ni mweupe wa kipato kidogo, karani au fundi wa viwanda vya nguo, ambaye senti 75 zake hazikuweza kumfungulia lango la klabu ya faragha. Uwanja wa umma ulikuwa ni wake yeye zaidi ya mtu mwingine. Wale waliotoa amri wengi wao hawakuhitaji uwanja wa umma, na wale waliouhitaji wakaambiwa kwamba umefungwa kwa faida yao. Sijui kama iko njia nyepesi zaidi ya kumnyang'anya maskini kitu huku anakushukuru.

Liko neno jingine ambalo husemwa katika mambo kama haya, nalo husemwa na watu wapole wasiopenda ugomvi: laiti wale sita wangalinyamaza, mji ungalikuwa na uwanja hata leo wenye mashimo yote 18. Walidai wakaharibu. Neno hili lina sura ya busara. Lakini tuyakumbuke yale mashauri mashuhuri ya Mfalme Suleimani na wanawake wawili waliomgombania mtoto. Upanga ulipoletwa, mmoja alikubali mtoto akatwe, awe si wa huyu wala si wa huyu. Tangu tulipoisikia habari ile utotoni hatukupata kumsikia mtu akisema kwamba kosa ni la mama wa kweli, kwa kuwa angalinyamaza nyumbani mtoto asingaliletwa mbele ya upanga. Kosa twaliweka palepale lilipo, kwa yule aliyeridhia kukatwa. Na kuridhia kwake ndiko kulikoonyesha kwamba mtoto hakuwa wake. Mji ulioridhia kuuua uwanja kuliko kuushiriki ulitoa ushahidi wa namna hiyo juu ya nafsi yake: ulikuwa umeushika, haukuupenda.

Hata hivyo mfano wangu una upungufu, nami sitauficha. Mama wa kweli aliacha dai lake ili mtoto aishi. Simkins na wenzake hawakuacha. Je, haikuwapasa, kama kweli waliupenda uwanja, kurudi nyuma walipoona upanga? Nimelifikiri jambo hili kwa muda mrefu, na jibu ninaloliona ni kwamba mtoto na uwanja si kitu kimoja. Mtoto akiwa hai mikononi mwa mwingine bado ni hai kwa ajili yake mwenyewe. Uwanja wa umma ambao sehemu ya umma imekatazwa kuingia umekwisha kufa kama uwanja wa umma. Kilichobaki ni majani. Kurudi nyuma kusingaliuokoa, kungaliyaokoa majani tu. Nakiri kwamba mpenzi wa kazi ya Maxwell hataridhika na jibu hili, na simlaumu. Mawimbi ya vitanda vile yalikuwa kazi nzuri ya mkono wa mtu, wala hayakumtenga mtu yeyote. Uwanja wa gofu usipofyekwa haungoji: kitanda cha majani laini hutunzwa karibu kila siku, na kikiachwa majuma machache hugeuka kichaka, mitego ya mchanga huota magugu, na baada ya miaka mitano mtu mgeni aweza kupita asijue kwamba pana shimo.

Wako pia watakaouliza kwa nini nguvu nyingi hivi zitumike kwa ajili ya mchezo, katika nchi ambayo watu weusi walikuwa wakizuiwa kupiga kura na kufukuzwa katika hospitali. Jibu la Simkins lilikuwa kazi yake. Mwaka 1962 yeye na madaktari wengine, pamoja na wagonjwa, walizishtaki hospitali mbili za Greensboro, Moses H. Cone na Wesley Long, zilizokuwa zikiwabagua wagonjwa na matabibu weusi. Hospitali zilijitetea kwa maneno tuliyokwisha yasikia: sisi ni watu wa faragha, si serikali. Na majibu nayo yalikuwa yale yale: mmejengwa kwa fedha za umma, maana zilipokea fedha za sheria ya mwaka 1946 ya ujenzi wa hospitali, sheria ambayo yenyewe iliruhusu utengano. Novemba 1963 mahakama ya rufani ilimpa Simkins ushindi, ikakitangua kifungu kile, na mwaka 1964 Mahakama ya Juu ikakataa kuibadili hukumu hiyo. Hospitali za kusini mwa nchi zikaanza kufunguka. Mtu aliyejifunza uwanjani kwamba kodi na mkataba haviwezi kuigeuza mali ya wote ikawa ya baadhi, alilichukua somo lile akaenda nalo penye kufa na kupona. Tena hapo hapakuwa na nafasi ya inda. Mji waweza kuufunga uwanja wa gofu ili kukomoa. Kuifunga hospitali hauthubutu, kwa sababu wakubwa nao huugua.

Gillespie Park ulifunguliwa Desemba 1962, mwezi ule ule ambao wale sita walikamatwa, miaka saba baadaye. Simkins alikuwa miongoni mwa waliocheza mara ulipofunguliwa. Ardhi ya nusu ya pili ya uwanja haikurudi kuwa mashimo. Katika uwanja wa mashimo 9, mchezaji anayetaka kutimiza hesabu ya 18 huizunguka njia ileile mara mbili: akimaliza la tisa hurudi mahali pa kuanzia la kwanza, akachomeka kijiti chake upya.